Mkono kwa Mkono, mpaka Mlangoni pa Halmashauri

Mdogo wangu aligonga mlango wangu Jumamosi moja ya Machi 2024, saa nne usiku. Mguu mmoja una ndala, mwingine hauna. Mkono wa kushoto ameutundika kwenye kanga iliyofungwa shingoni, mtoto wa miaka mitatu yuko mgongoni, amelala, na yule mkubwa wa miaka saba amemshika sketi. Nilimpokea yule mtoto wa mgongoni nikamlaza, nikawasha jiko nikachemsha maji. Hatukuongea mengi. Aliniambia tu, "Dada, leo sirudi."

Tangu usiku ule tumepita kwenye huduma tatu zinazoendeshwa kwa fedha za serikali: dawati la jinsia la polisi, kituo cha mkono kwa mkono hospitalini, kinachowapokea waliofanyiwa ukatili, na mkopo wa asilimia kumi wa halmashauri. Watu wanaandika uzuri na ubaya wa mabasi, wa hoteli, wa simu walizonunua. Hizi huduma hakuna anayeziandikia, na mwanamke anayezihitaji hana nafasi ya kwenda kujaribu mlango mmoja baada ya mwingine. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu kwenye mji mmoja wa Kanda ya Ziwa, Tanzania. Kodi nalipa, ushuru nalipa, kwa hiyo nasema nilichokiona. Majina ya kituo cha polisi, ya hospitali na ya halmashauri nayaacha, maana mdogo wangu bado anaishi hapa na watoto wake wanasoma hapa.

Nianze na polisi usiku ule. Nilimpigia bodaboda ninayemwamini, watoto nikamwachia mama wa chumba cha pili, tukaenda. Dawati la Jinsia na Watoto lilikuwa limefungwa, kufuli mlangoni. Pale kaunta tukamkuta askari wa zamu. Alimtazama mdogo wangu, akautazama mkono, akanigeukia mimi. "Mama, haya ni mambo ya ndani ya nyumba. Mpumzishe, kesho waite wazee wakae nao." Nikamwambia, "Afande, sijaja kushtaki usiku huu, naomba PF3 tu aende hospitali." Akasema PF3 ya kesi kama hizi inatolewa na watu wa dawati, turudi Jumatatu.

Nilikuja kujua baadaye kwamba sivyo. PF3 ni fomu ya polisi, askari yeyote wa zamu anaijaza, na haiuzwi. Tena mtu aliyeumia vibaya anatakiwa atibiwe kwanza, fomu ifuate. Lakini usiku ule sikuyajua hayo, nikamrudisha nyumbani na mkono uliovunjika. Nilichukua rula yangu ya mbao, ile ya kupigia mistari kwenye kitambaa, nikaifunga kwenye mkono wake kwa vipande vya pamba. Alilala ameketi. Jumapili nzima alishinda hivyo, akimeza panadol, kwa sababu na kile kituo cha hospitali tuliambiwa mwisho wa wiki hakifunguliwi.

Jumatatu dawati lilikuwa wazi, na hapo nawapa haki yao. Kuna chumba chenye mlango unaofungwa, si kaunta ambako kila anayekuja kuripoti simu iliyoibwa anakusikia. Askari wawili wanawake, hawakuvaa sare. Mmoja aliweka kalamu chini, akamwacha mdogo wangu aongee mpaka amalize, ndipo akaanza kuandika. Aliposikia tulirudishwa Jumamosi alinyamaza kidogo, akaniomba radhi kwa niaba ya mwenzake. PF3 ilipatikana ndani ya robo saa. Kisha akapiga simu hospitali kwa simu yake, kwa vocha yake, akawaambia kuna mgonjwa anakuja. Akafungua pochi akatoa shilingi elfu mbili: "Chukueni bajaji, msitembee na mkono huo."

Elfu mbili ile naikumbuka mpaka leo. Madawati haya nchi nzima ni zaidi ya 400, na ni jambo kubwa, sikuwahi kufikiri nitaliona. Lakini ukifungua dawati ukampa askari meza, kiti na daftari, halafu mafuta na vocha ukamwachia mshahara wake, dawati hilo linaendeshwa na huruma ya mtu mmoja. Akihamishwa, huruma inahama naye. Siku ya kumkamata shemeji, gari la kituo lilikuwa moja na lilikuwa limetoka. Nilikodi bajaji kwa shilingi 8,000 kwenda na kurudi. Askari wawili wakaenda, wakarudi naye amekaa katikati yao kiti cha nyuma. Mimi ndiye nililipa nauli ya mtu aliyemvunja mdogo wangu mkono. Mwenye shilingi mia tano mfukoni angefanyaje?

Sasa kituo chenyewe. Kiko nyuma ya jengo la wajawazito, mlango wa bluu, hakina kibao. Tulizunguka karibu nusu saa kukitafuta. Mwanzoni nilikasirika, halafu nesi akanieleza kwamba kibao waliking'oa wenyewe, kwa sababu wanawake waliogopa kuonekana wakiingia chini ya maandishi yale. Nikamwelewa. Wangeweza angalau kuwaeleza walinzi wa getini, maana tuliyemuuliza hakujua.

Ndani kuna vyumba vitatu vidogo na kibaraza. Nesi, afisa ustawi wa jamii, afande mmoja wa zamu, na siku mbili za wiki msaidizi wa kisheria. Hiyo ndiyo maana ya mkono kwa mkono: mtu mmoja anakukabidhi kwa mwingine, hawakutumi. Wanaokumbuka ilivyokuwa zamani watanielewa. Ulikuwa unakwenda polisi unasimulia, unakwenda hospitali unasimulia, unakwenda ustawi upande wa pili wa mji unasimulia, unarudi polisi wanakwambia karatasi imekosewa. Mwanamke akishasimulia mara ya tatu mbele ya watu asiowajua anaamua bora arudi kwake. Hapa mdogo wangu alisimulia mara moja. Nesi akaandika, afande akasoma yaleyale, ustawi akasoma yaleyale, jalada moja.

Kuna jambo nililiona pale sitalisahau. Nesi ana fomu yenye mchoro wa mwili wa mtu, mbele na nyuma. Alimfungua mdogo wangu blauzi taratibu, akaifungua rula yangu akaiweka mezani, akachukua utepe wa kupimia, kama wangu huu wa shingoni, akaanza kupima alama moja moja. Anapima, anataja sentimita, anachora kwenye ule mchoro, anaandika rangi. "Hii ya zambarau ni ya juzi. Hii ya kijani ina wiki. Hii ya njano ni ya zamani zaidi." Akageuza mgongo. Akaendelea kuchora.

Mimi nimempima mdogo wangu kwa utepe tangu yuko darasa la sita. Vipimo vyake vyote viko kwenye daftari langu, kifua, kiuno, nyonga. Miaka miwili mfululizo alikuwa ananiambia, "Dada, nishonee mikono mirefu." Nikamshonea. Nilidhani ni heshima ya ndoa, nilidhani ni mitindo. Kila gauni lile nililikata mimi.

Nesi aliniomba nitoke nje, akazungumza naye peke yake. Baadaye tulielezwa wote wawili kwamba aliyelazimishwa tendo la ndoa au kubakwa kuna dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na lazima zianzwe ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora. Alichojibu mdogo wangu mle ndani ni chake. Ila mimi nilihesabu vidole. Sisi tulifika saa ya thelathini na sita. Binti aliyebakwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, akaambiwa asubiri kituo kifunguliwe Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, ameshapoteza saa 61, na akizunguka kama tulivyozunguka sisi, akasubiri foleni, anazo chache mno. Hawa watu wa kituo wanafunga saa tisa na nusu kama ofisi ya ardhi. Kipigo na ubakaji vinatokea usiku na mwisho wa wiki. Nesi mwenyewe aliniambia Jumatatu ndiyo siku yao nzito kuliko zote. Kumweka muuguzi mmoja wa zamu ya usiku anayejua kazi hii ni mshahara na posho ya mtu mmoja, na sioni matumizi mengine ya fedha yanayozidi hayo kwa umuhimu pale hospitalini.

Huduma yao ni bure, na kwa kweli walitutibu bure. Tulikwama kidogo kwenye picha ya eksirei, mhasibu wa dirishani alitaka hela kama kawaida, afisa ustawi akatoka na karatasi ya msamaha akaisaini palepale dirishani. Mkono ulikuwa umevunjika mfupa mmoja. Wakamfunga plasta. Mtoto mdogo, tuliyekwenda naye, alikuwa kibarazani muda wote ule, wana sanduku la vitu vya kuchezea, magari ya plastiki yamekatika magurudumu na mwanasesere mmoja. Alicheza mpaka akasinzia juu ya jamvi. Kumbe nafuu inaweza kuwa ndogo hivyo, mama anahojiwa na huku anamwona mwanawe kupitia mlango ulio wazi nusu.

Msaidizi wa kisheria tulimkuta Alhamisi. Kijana, anaongea polepole. Ndiye aliyetueleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba mke au mume hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Mdogo wangu alishangaa, sheria ile ni kubwa kwake kwa umri. Akamuuliza kuhusu nyumba, kwamba nyumba ni ya mume, amejenga kwa hela zake, yeye alikuwa mama wa nyumbani na kuuza dagaa kidogo. Kijana akamweleza kesi ya Bi Hawa Mohamed, ya mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Nilimwona mdogo wangu akikaa vizuri kitini. Alikuwa ameingia pale akiamini anaondoka kwenye ndoa ile na watoto na kanga zake tu. Akaelezwa pia habari za baraza la usuluhishi la ndoa, kwamba kwa kawaida lazima upite huko kwanza kabla ya kudai talaka mahakamani, na kwamba kesi ya kipigo ni jambo jingine, inakwenda yenyewe polisi na mahakamani, haisubiri baraza.

Tanzania Bara bado hatuna sheria moja inayohusu ukatili wa majumbani peke yake. Uganda wanayo tangu 2010, Kenya tangu 2015. Kwetu mwanasheria anachambua huku na huku, kidogo Sheria ya Ndoa, kidogo Kanuni ya Adhabu. Hili linagusa na fedha. Jambo lisilo na sheria yake ni rahisi kukosa fungu lake kwenye bajeti, linaishia kuchangiwa.

Na hapa ndipo nilipoelewa mambo ya kuchangiwa. Mshauri nasaha wa kituo, mwanamama mmoja mtulivu, alikutana na mdogo wangu mara saba mwaka ule. Mara ya kwanza alilia saa nzima. Mara ya nne alirudi akaniambia amelala usiku mzima bila kushtuka. Februari 2025 mdogo wangu alipata tena vitisho, akaenda, akakuta kiti kitupu. Mshauri alikuwa analipwa na mradi wa fedha za Marekani, na Januari ile Marekani walisimamisha misaada. Ilikuwa habari ya redioni kwangu, ya wanasiasa wa mbali, mpaka mdogo wangu aliporudi saa nne asubuhi akiwa hajaongea na mtu. Nesi alikuwepo. Afisa ustawi alikuwepo. Afande alikuwepo. Waliobaki ni wale ambao mishahara yao inatoka hazina. Afisa ustawi alijitahidi, akamsikiliza kati ya watu na watu, lakini siku ile alikuwa na foleni ya mirathi, ya matunzo ya watoto na ya wazee wa msamaha wa matibabu. Ushauri nasaha unataka mtu aliyekaa kwa ajili yako.

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika wanawake wa miaka 15 hadi 49, asilimia 27 wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Ule wa 2015-16 ulikuwa asilimia 40. Imepungua, na mimi naamini kelele na vituo hivi vina mchango wake. Lakini bado ni zaidi ya mwanamke mmoja kwa kila wanne. Huduma ya watu wengi hivyo haiwezi kutegemea mfuko wa nchi nyingine.

Nirudi nyuma kidogo. Shemeji alipokamatwa, alitoka kwa dhamana baada ya siku mbili. Siku ya tatu alikuwa amesimama nje kwangu, anapiga kelele. Tuliuliza habari ya nyumba salama, mahali pa kumweka mdogo wangu na watoto hata mwezi mmoja. Katika kanda yetu zinazojulikana ziko Mara, zilianzishwa na kanisa na mashirika kwa ajili ya mabinti wanaokimbia ukeketaji, na mama mwenye watoto wawili hakuwa mgeni waliyekuwa wamemwandalia kitanda. Basi nyumba salama ilikuwa chumba changu na ujasiri wa mwenyekiti wa mtaa, mzee ambaye alikuja usiku ule na fimbo yake akakaa kwenye benchi langu la kushonea mpaka shemeji akaondoka. Hapo huduma ya serikali siipi alama yoyote, kwa sababu haikuwepo. Kesi ya shambulio la kudhuru mwili ilikwenda, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, wajomba wakaja na kikao cha kuomba ifutwe, mdogo wangu akakataa. Novemba shemeji alitiwa hatiani. Mchoro wa nesi ndio uliosimama mahakamani.

Sasa niseme la mkopo, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Mwanamke aliyeondoka kwa mume ana kidonda na ana njaa. Kidonda kina mlango wake wa bluu. Njaa ina mlango mwingine, ofisi ya maendeleo ya jamii, na kati ya milango hiyo miwili hakuna anayekushika mkono. Kisheria kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri. Ni hela ya ushuru wa masoko na leseni zetu, si ya kuomba kwa mtu. Mdogo wangu alipotoka plasta, afisa ustawi akamwambia nenda maendeleo ya jamii ukaulize. Kwa mdomo tu, bila karatasi. Tulipofika tukaambiwa mikopo ilisimamishwa Aprili 2023, utaratibu unapangwa upya, subirini.

Tukasubiri. Katika kusubiri, mwezi wa nane, mdogo wangu aliingia kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba ya kuua. Nilikuja kujua ameshachukua. Laki mbili, arudishe laki mbili na elfu sitini ndani ya siku thelathini, na rehani ni simu na godoro. Ada ya shule, chakula, dawa ya mtoto. Nilisimamisha kazi za wateja wiki mbili nikashona sare za shule usiku na mchana tulipe lile deni. Mwanamke anayekimbia kipigo akidakwa na kausha damu, kurudi kwa mume kunaanza kuonekana kama nafuu. Alinitamkia hivyo kwa mdomo wake: "Dada, kule angalau unga ulikuwepo."

Mikopo iliporudi, Oktoba 2024 tukaanza kujaza. Lazima kikundi, watu watano na zaidi. Kuna katiba ya kikundi, akaunti ya benki, mihtasari ya vikao, barua ya mtendaji, vitambulisho. Nakubali karatasi lazima ziwepo, fedha zililiwa sana huko nyuma na vikundi hewa. Lakini angalieni mwanamke wa aina ya mdogo wangu anavyokwama. Kitambulisho chake cha taifa kiko ndani ya sanduku la mume. Barua ya ukazi anaipata wapi? Daftari la mtaa wa mume linamtambua, na huko hawezi kukanyaga. Mtaa wangu unamwona mgeni. Kulala kwangu ndiko kulikomwokoa, na kulala kwangu huko huko ndiko kulikomfanya asiwe mkazi. Tulikwenda kwa mtendaji mara nne.

Na kikundi chenyewe. Wanawake wa mkopo wanadhaminiana, mmoja asipolipa wenzake wanalipa. Kwa hiyo kila mtu anatafuta mwenzake aliyetulia: mwenye nyumba, mwenye mume, mwenye genge lisilohama. Vikundi viwili vilimkataa. Hawakumtukana. Mama mmoja alisema kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe una kesi, na mumeo anaweza kuja kuvunja meza yako kesho. Sisi tutalipaje?" Simlaumu. Ule utaratibu wa kudhaminiana ndio unaomchuja mwanamke aliyepigwa, bila mtu yeyote kumbagua kwa makusudi.

Mwishowe kikundi tulikiunda sisi: mimi, yeye, mama ntilie wa stendi, msusi, na muuza mboga. Mwenyekiti wa mtaa, yule yule wa fimbo, akaandika barua akaeleza yote kwa mkono wake, mtendaji akaikubali. Afisa maendeleo ya jamii wa kata alikuja kukagua biashara zetu moja moja, alikaa kwenye kigoda cha muuza mboga akauliza anauza fungu bei gani, analala na mtaji kiasi gani. Tulipewa mafunzo ya siku mbili ya kutunza hesabu, mdogo wangu ana daftari lake mpaka leo, mstari katikati, kushoto iliyoingia, kulia iliyotoka. Ni mafunzo mazuri kuliko nilivyotarajia. Tuliomba milioni kumi. Tulipewa milioni sita, Juni 2025. Kila mmoja milioni moja na laki mbili.

Tangu usiku wa ndala moja ilikuwa imepita miezi kumi na tano.

Hela yenyewe ni hela kweli. Haina riba, rejesho ni laki moja kwa kila mmoja kwa mwezi, miezi kumi na miwili. Mdogo wangu alinunua magunia ya dagaa mwaloni, mizani, na mifuko, akapata meza sokoni. Mwezi wa pili alihamia chumba chake, mitaa miwili kutoka kwangu. Shemeji alipita mbele ya meza ile mara moja. Hakusimama.

Alama zangu ni hizi. Kituo cha mkono kwa mkono nakipa nyota nne kati ya tano, ile moja naizuia mpaka wafungue usiku na mwisho wa wiki. Dawati nalipa tatu. Wale askari wenyewe ningewapa tano. Mkopo nimeshindwa kuupa alama moja. Ukiupata ni nyota nne. Ukiwa unausubiri na watoto wana njaa, ni sifuri.

Ninachokiomba kwa halmashauri hakihitaji sheria mpya kubwa. Barua ya afisa ustawi wa kile kituo itambuliwe badala ya barua ya ukazi, maana ni ofisi ya serikali na jalada lipo. Katika ile asilimia 4 ya wanawake pawekwe fungu dogo la wanawake wanaotoka kituoni, wasiolazimika kutafuta wadhamini wanne katika wiki mbaya kuliko zote maishani mwao. Na kwenye kabati la nesi kuwe na hela ya nauli, hata laki mbili kwa mwezi. Kila mwaka kati ya Novemba 25 na Desemba 10, Siku 16 za kupinga ukatili, naona mahema, fulana zilizochapishwa na gari la matangazo. Nimezishona nyingine mimi mwenyewe, vibwebwe na mabango, nimelipwa. Siku zile zina kazi yake, wanawake wengi husikia habari za dawati kwa mara ya kwanza pale. Ila nikikumbuka pochi ya yule afande, natamani robo ya fulana zile ingekuwa vocha na mafuta.

Kwa anayesoma haya akiwa na haja nayo: hospitali yoyote kubwa ya serikali ukifika, sema pale mapokezi "naulizia mkono kwa mkono", hayo tu, hulazimiki kueleza zaidi foleni ikikusikiliza. Ukiwa na watoto walioumizwa, 116 ni namba ya bure. Kama umebakwa usioge, usifue nguo, zifunge kwenye karatasi au kanga uende nazo. Kitambulisho chako na vyeti vya watoto, ukiweza, viache kwa ndugu mapema, hata kabla hujaamua kuondoka, mtendaji atavidai. Na ukikuta dawati limefungwa, kaa palepale kaunta uombe PF3 kwa jina lake. Usikubali kurudi Jumatatu.